MITTO: Neno la Kutuma Lililozaa Jina la Misa



Leo tutaeleza neno moja la Kilatini. Msishangae, wala msiseme: «Kilatini ni mambo ya mapadri na ya seminari, sisi wakulima na wavuvi tuna haja gani nacho?» Neno hili mnalo vinywani mwenu kila siku ya Mungu. Mnaposema «Misa», mmelitaja. Mnaposema «Misioni», mmelitaja tena. Neno lenyewe ni kitendo, nalo ni MITTO, maana yake: ninatuma.

Tumelichagua kwa ajili ya swali la mzee mmoja, katekista wa kijiji kilicho mbali na misioni. Mzee huyo alituambia hivi: «Kwetu padri hufika mara tatu au nne kwa mwaka. Siku ya Misa kijiji chote hukusanyika, na watu wa vijiji jirani huja kwa miguu. Misa ikiisha, padri hufunga sanduku lake, hupanda pikipiki, vumbi linatulia, nasi tunabaki. Basi, Misa ikiisha, kwetu kunabaki nini?»

Swali hili si dogo. Mwenye kuuliza hivyo anataka kujua kama wakristu wanaokaa bila padri ni wakristu kamili, au ni watu waliosahauliwa njiani. Tutajaribu kumjibu kwa kulifungua neno lenyewe, jinsi mtu avunjavyo karanga ili aone mbegu iliyo ndani.

I. SURA ZA NENO HILI

Kila lugha ina njia yake ya kuonyesha nani anayetenda. Sisi katika Kiswahili twaweka alama kichwani mwa kitendo: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Warumi wa kale waliiweka alama hiyo mkiani. Shina ni mitt-, nalo hubaki. Mkia ndio unaobadilika. Sikilizeni:

mitto: ninatuma
mittis: unatuma
mittit: anatuma
mittimus: tunatuma
mittitis: mnatuma
mittunt: wanatuma

Tena, tukitaka kusema kwamba mtu hatumi bali yeye ndiye anayetumwa, sisi twaingiza herufi moja ndogo, w: tuma, tumwa. Herufi moja tu, na bwana amekuwa mjumbe! Warumi walifanya vivyo hivyo kwa herufi r: mittor, ninatumwa, mitteris, unatumwa, mittitur, anatumwa, mittimur, tunatumwa, mittuntur, wanatumwa. Neno la «mnatumwa» peke yake halina r; lenyewe ni mittimini.

Kwa mambo yaliyokwisha kutendeka, shina hubadilika. Hawasemi tena mitt-, husema mis-: misi, nilituma, misisti, ulituma, misit, alituma, misimus, tulituma, misistis, mlituma, miserunt, walituma. Msione ajabu kwamba t imegeuka kuwa s. Katika Kiswahili pia, afuataye huitwa mfuasi: t ya «fuata» imegeuka s katika «mfuasi». Lugha nyingi hupenda mageuzi ya namna hii.

Sasa twafika kwenye sura tunayoihitaji kuliko zote: missus, missa, missum. Maana yake ni aliyetumwa, au kilichotumwa. Kwa nini sura tatu? Kwa sababu Kilatini hugawanya majina katika makundi matatu, kama Kiswahili kinavyoyagawanya katika ngeli. Sisi twasema: mjumbe ametumwa, kitabu kimetumwa, barua imetumwa. Hatuwezi kusema «barua kimetumwa». Hata mtoto angecheka. Vivyo hivyo Mrumi alisema: nuntius missus est, mjumbe ametumwa, epistula missa est, barua imetumwa, donum missum est, zawadi imetumwa. Shikeni vizuri maneno haya mawili, missa est. Tutayarudia.

Wanafunzi wa Kilatini hujifunza kwa moyo sura nne za kila kitendo. Za kitendo chetu ni hizi: mitto, mittere, misi, missum. Mwenye kuzishika hizo nne anao ufunguo wa nyumba nzima.

II. MAANA ZAKE

Kitendo hiki kina maana tatu zilizo ndugu: kutupa, kuachilia, na kutuma. Askari aliyerusha mkuki alitumia neno hili. Jemadari aliyempa askari ruhusa ya kurudi kwake alilitumia pia. Ruhusa hiyo iliitwa missio. Katika vikosi vya wasaidizi wa jeshi la Roma, mtu alifanya kazi ya silaha miaka 25 kabla ya kupewa missio ya heshima. Na mfalme aliyempeleka mjumbe nchi ya mbali alilitumia vilevile.

Wavuvi wa ziwa Tanganyika wataipenda habari hii. Mwisho wa karne ya 4, Mtakatifu Hieronimo aliisahihisha Injili ya Kilatini. Katika Injili hiyo, kwa Mateo, sura ya 4, twasoma jinsi Yezu alivyowakuta Petro na Andrea wakitupa wavu majini. Kitendo kilichoandikwa pale ni hicho hicho cha mittere. Tukifuata Injili hiyo mpaka sura ya 10, twasoma kwamba Yezu aliwatuma wale Kumi na Wawili; hapo pia kitendo ni hicho hicho, misit. Waliokuwa wakitupa wavu, sasa wao wenyewe wametupwa kama wavu. Lakini mvuvi mwenye akili hautupi wavu na kuuacha. Kamba iko mkononi mwake. Mungu naye hamtumi mtu halafu akaiachia kamba.

Neno hili lina watoto wengi. Remittere ni kurudisha au kuachilia. Kwa neno hilo Eklezya imetaja maondoleo ya dhambi, remissio. Promittere ni kuahidi. Permittere ni kuruhusu. Committere ni kukabidhi. Wanaojua Kifaransa watawatambua wajukuu: promesse, permission, commissaire, message, na messe, yaani Misa yenyewe. Wote wametoka katika tumbo moja.

III. JINSI MISA ILIVYOPATA JINA

Katika Misa ya Kilatini, mwishoni, shemasi au padri huwaelekea watu na kuwaambia: Ite, missa est. Neno la kwanza, ite, ni amri kwa watu wengi: nendeni. Lakini hili missa est ni nini?

Wataalamu wameshindana sana. Wengine walidhani kuna jina lililofichika, na kwamba maana ni: sadaka imetumwa, imepelekwa kwa Mungu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliyataja maelezo ya namna hiyo. Ni mawazo mazuri kwa sala. Lakini wachunguzi wengi wa lugha hufuata njia nyingine. Wanaonyesha kwamba Warumi wa nyakati zile za mwisho walizoea kufupisha majina: badala ya remissio walisema remissa, na badala ya missio walisema missa. Basi missa ni jina, maana yake ruhusa ya kwenda, kuagwa. Karibu mwaka 500, Avitus, askofu wa Vienne katika nchi iliyo Ufaransa ya leo, aliandika kwamba neno hili lilitangazwa katika makanisa, na katika majumba ya wakubwa na mabaraza ya hukumu pia, watu walipopewa ruhusa ya kuondoka.

Katika Eklezya ya kwanza watu waliagwa mara mbili. Baada ya masomo na mafundisho waliagwa wakatekumeni, kwa kuwa walikuwa hawajabatizwa. Baada ya Komunyo waliagwa wabatizwa. Kidogo kidogo neno la kuaga likawa jina la ibada nzima. Katika karne ya 4, Mtakatifu Ambrosi wa Milano alikuwa amekwisha kulitumia katika barua yake.

Fikirini, wapendwa, jambo hili si la kawaida. Sisi tukitaja karamu, twaitaja kwa chakula au kwa sababu yake: karamu ya arusi, karamu ya mavuno. Nani aliyewahi kuiita karamu kwa neno la kwaheri? Lakini karamu kubwa kuliko zote duniani Wakristu wa Magharibi waliipa jina la neno lake la mwisho, neno la kuwatoa watu nje. Walikuwa na majina mengine mema: Ekaristi, yaani Shukrani, Kuumega Mkate, Sadaka. Hayo hayakupotea, ila jina lililoshika vinywani mwa watu ni Misa. Mwaka 2007, Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika barua yake juu ya Ekaristi, alieleza kwamba zamani missa ilimaanisha kuagwa tu, lakini kwa Wakristu neno hilo likazidi kupata maana ya kutumwa.

Hapo ndipo maana zile mbili zinapokutana, kuachilia na kutuma. Mtu anaweza kuisikia ruhusa ile kama askari aliyemaliza miaka yake: kazi imekwisha, turudi nyumbani. Anaweza kuisikia pia kama mjumbe aliyekabidhiwa barua: sasa kazi inaanza. Sauti ni moja. Masikio ndiyo yanayotofautiana. Tangu Mtaguso wa pili wa Vatikano ulipoifungua njia ya lugha zetu mwaka 1963, neno la kuaga twalisikia kwa Kiswahili. Wengi hulisikia kama tangazo la kwisha tu, wakaanza kutafuta kofia na viatu. Wengine hawalisikii hata kidogo, kwa sababu wameondoka mara baada ya Komunyo. Hao ni kama mjumbe aliyekula chakula cha chifu akakimbia kabla ya kupewa barua.

IV. MTUME NA MTUMWA

Sasa turudi katika lugha yetu. Kitendo chetu «tuma» nacho kina watoto wengi: mtume, utume, mtumishi, tumikia, tumia. Katika vijiji vya Kongo husemwa «anatumika» kwa mtu anayefanya kazi. Tena kuna mtoto mmoja mwenye uchungu: mtumwa.

Tazameni maneno mawili, mtume na mtumwa. Yametoka katika shina moja, na yote mawili hutaja mtu aliyetumwa. Katika «mtumwa» imo ile w ya kutendwa. Katika «mtume» umo mwisho wa -e, ambao Kiswahili hutumia kwa mtu au kitu kilichotendwa jambo: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa. Mrumi angesema missus. Kwa kanuni za lugha, basi, hatuoni tofauti kubwa kati ya mtume na mtumwa. Lakini ni nani asiyeijua tofauti yenyewe?

Wazee wetu waliijua vizuri mno. Kiswahili kiliingia Manyema na pwani ya magharibi ya Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, na misafara ile ilichukua pembe za ndovu na watu. Neno «mtumwa» lilifika na minyororo. Kwa hiyo padri anaposema «mmetumwa», asishangae akimwona mzee amekunja uso. Mzee anauliza moyoni: tumetumwa kama nani?

Jibu liko kwake yeye anayetuma. Bwana wa watumwa humtuma mtu asiyempenda, wala hamwambii sababu, naye mwenyewe hubaki kivulini. Injili yatuonyesha mengine. Kwa Yohane, sura ya 20, jioni ya siku ya Ufufuko, Yezu aliwaambia wafuasi kwamba alivyotumwa na Baba, ndivyo naye anavyowatuma wao. Katika Kilatini kitendo chetu kinatokea hapo mara mbili: misit, kwa Baba, mitto, kwa Mwana. Kigiriki cha Yohane kina vitendo viwili tofauti. Kilatini na Kiswahili vyatumia kimoja. Anayesema «ninatuma», yeye mwenyewe alitumwa kwanza, naye anaonyesha alama za misumari mikononi. Hiyo ndiyo Misioni ya kwanza. Karne nyingi kabla jina hilo halijapewa nyumba za matofali zenye shule na dispansari, wataalamu wa Eklezya waliita missio jambo hili: Mungu Baba kumtuma Mwana na Roho Mtakatifu.

Kuna mtu aliyeyajua maneno yote mawili katika mwili wake. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi za mto Niger, Afrika ya Magharibi. Alipokuwa mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri Weupe walimkomboa, wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa, katika nchi iliyo Tanzania ya leo. Karema na Mpala ya huku kwetu zilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka mmoja, 1885. Atiman hakuwa padri. Alikuwa mlei, mwenye mke. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956. Aliyekuwa mtumwa akawa mtumishi na mjumbe. Shina la neno halikubadilika. Aliyemtuma ndiye aliyebadilika.

V. JIBU KWA MZEE WETU

Mzee wetu aliuliza: Misa ikiisha, kwetu kunabaki nini? Twamjibu: Baba, wanabaki waliotumwa. Yule aliyepanda pikipiki hakuondoka na Misioni ndani ya sanduku lake. Alipokuambia «nendeni», hakusema na mapadri wenzake. Alisema nawe, na mama mwenye mtoto mgongoni, na kijana aliyesimama mlangoni. Ite ni amri ya watu wengi. Kama ingekuwa kwa mtu mmoja, Mrumi angesema i tu.

Tunaye shahidi katika nchi yetu. Mwenye Heri Isidore Bakanja alibatizwa mwaka 1906 huko Mbandaka, mji ulioitwa wakati ule Coquilhatville. Alikwenda kufanya kazi katika shamba la wazungu huko Ikili, mahali pasipo padri. Hapo alisali waziwazi, akawafundisha wenzake sala, akavaa skapulari yake. Kwa sababu hiyo alipigwa vibaya sana, akafa kwa vidonda tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994. Je, Bakanja alikaa mbali na Misioni? Kwa kuhesabu kilometa, ndiyo. Lakini pale alipokuwa, ndipo Misioni ilipokuwa.

Hatusemi kwamba haidhuru kukaa bila padri. Njaa ya Ekaristi ni njaa ya kweli, na ni haki kuomba mapadri waongezeke. Twasema tu kwamba siku zilizo kati ya Misa na Misa si siku tupu. Mgonjwa aliye nyumba ya pili, ugomvi wa shamba ambao haujapatanishwa, mtoto asiyejua ishara ya msalaba, mjane asiye na wa kumlimia: hao ndio barua yenu imeandikiwa. Barua isipofikishwa, kosa si la aliyeiandika.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Neno Misa limetoka katika kitendo gani?
Jibu: Limetoka katika kitendo cha Kilatini mitto, mittere, misi, missum, maana yake kutuma au kuachilia.

Swali: Missus, missa, missum ni nini?
Jibu: Ni sura tatu za neno «aliyetumwa», kufuata makundi matatu ya majina ya Kilatini.

Swali: Neno missa katika maneno ya kuaga lina maana gani?
Jibu: Kwanza lina maana ya ruhusa ya kwenda, kwa Wakristu likawa pia neno la kutumwa.

Swali: Mtume na mtumwa wametofautianaje, ikiwa wote wametumwa?
Jibu: Wametofautiana kwa yule anayewatuma. Mtumwa hutumwa na bwana asiyempenda. Mtume hutumwa na Yeye aliyetumwa kwanza, akatoa uhai wake.

Swali: Nani anatumwa mwishoni mwa Misa?
Jibu: Wote waliokuwapo, wakubwa kwa wadogo.

KUSUDI LA JUMA HILI: Katika Misa ijayo, au katika sala ya siku ya Mungu anayoiongoza katekista, tusiondoke kabla ya neno la mwisho. Tukilisikia, kila mmoja ataje moyoni jina la mtu mmoja atakayemwendea. Kisha amwendee kweli, kabla jua halijatua.

Tumsifu Yezu Kristu!